Jeraha Halijisemei Mahakamani

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga wala kafara. Askari wa jeshi na wa polisi wanalijua neno hili kuliko watu wengi, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaofika kwanza penye ajali, na pengine wao wenyewe ndio waliolala kando ya barabara wakingoja msaada. Hata hivyo, liko jambo ambalo wengi wetu hatulitambui mpaka siku ya kusimama mbele ya jaji: jeraha, liwe baya namna gani, halijisemei mahakamani. Husemewa na karatasi zilizoandikwa katika siku zake za mwanzo.

Tutoe mfano. Tuseme koplo mmoja yumo likizoni, anasafiri kwa taksi kutoka Kampala kwenda Masaka. Gari linapinduka. Koplo anatoka kwa miguu yake, anajipangusa vumbi, kisha anawasaidia akina mama na watoto kutoka. Polisi anamwuliza, "Umeumia, afande?" Naye anajibu, "Mimi ni askari, hii si kitu." Polisi anaandika: majeraha madogo. Baada ya majuma mawili kifundo cha mkono kimevimba, wala hawezi kukaza bunduki. Anapomshtaki mwenye gari mwaka unaofuata, wakili wa mdaiwa anamsomea jaji maneno yale mawili, kisha anaketi.

Koplo yule hakusema uongo. Alikosea kuipima afya yake kwa ushujaa wake. Kiko kifupa kidogo katika kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambacho kikipata ufa pengine hakionekani katika picha ya kwanza ya eksirei, bali huonekana picha inaporudiwa baada ya siku kumi au majuma mawili. Hali kadhalika, mtu aliyegonga kichwa aweza kuzungumza vizuri kwa saa kadhaa, huku damu inakusanyika ndani ya fuvu, kisha akaanguka ghafla. Ndiyo maana tunasema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Kwenda kwa daktari siku ile ile si woga.

Sasa tuitazame sheria. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inayahesabu kuwa madhara makubwa yale yanayoharibu afya vibaya au daima, au kuleta kilema cha kudumu, au kuharibu vibaya kiungo cha nje au cha ndani. Hayo ni ya kesi ya jinai, ambamo Serikali humshtaki mkosaji na kuthibitisha pasipo shaka ya maana. Katika kesi ya fidia, mzigo ni wa mdai mwenyewe. Yampasa amwonyeshe jaji kuwa maneno yake yaelekea kuwa kweli kuliko ya mpinzani wake. Akiisha kuonyesha kosa la dereva, bado yampasa kuthibitisha mambo matatu.

La kwanza ni kwamba jeraha lipo. Hapa kilio hakisaidii. Taarifa ya daktari isemayo "anaumwa sana" ni dhaifu. Taarifa yenye nguvu hutaja mfupa uliovunjika, hueleza kiungo kinakunjika kwa nyuzi ngapi kikilinganishwa na kile kizima, siku ngapi mgonjwa hakuweza kufanya kazi, na ulemavu uliobaki ni wa asilimia ngapi. Kwa majeraha ya kichwa, tangu mwaka 1974 madaktari wanacho kipimo kilichotungwa mjini Glasgow, cha kupima fahamu kwa alama kutoka 3 hadi 15. Alama iliyoandikwa usiku wa ajali yaweza kuzungumza kuliko mashahidi kumi.

La pili ni kwamba jeraha limetokana na ajali ile. Wakili wa upande wa pili hakosi kuuliza kama goti halikuumia zamani katika mpira. Faili ya afya ya askari, tangu siku alipoandikishwa, ndiyo jibu. Na kama goti lilikuwa na ila ya zamani, ajali ikaizidisha, mdai hapotezi haki yake. Hulipwa kwa kile kilichozidi.

La tatu ni hasara yenyewe. Fedha zilizotumika kwa dawa, nauli na matibabu hudaiwa kwa hesabu na huthibitishwa kwa stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Maumivu na maisha yaliyopungua hukadiriwa na jaji, kwa msingi uliowekwa mwaka 1880 katika kesi ya Livingstone, iliyotoka Uskochi: kumrudisha aliyeumizwa, kadiri fedha iwezavyo, katika hali aliyokuwa nayo. Kwa hiyo kidole cha shahada cha mwalimu wa kwaya si sawa na cha askari mlenga shabaha. Mdai na aeleze kazi yake.

Tena asichelewe. Madai ya kuumia mwilini kati ya raia na raia yana ukomo wa miaka 3. Yakiwa dhidi ya Serikali, ni miaka 2, na mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kama Katiba ya mwaka 1995 inavyoagiza katika ibara ya 250.

Tunamaliza kwa neno la wajibu. Ndugu polisi, usiandike "majeraha madogo" kabla daktari hajapima. Andika ulichokiona, chora mahali pa ajali, chukua nambari za magari na za bima, na mpeleke majeruhi hospitali akiwa na fomu yake. Nawe ndugu mwanajeshi, siku lori letu litakapomgonga mwenye baiskeli, sema vile vile ulichokiona. Mkulima aliyevunjika paja hana afisa wa kumsemea. Ana karatasi ile tu, nayo imo mikononi mwetu. Tukiipotosha ili kuilinda sare, tutakuwa tumeichafua sare ile ile.