Kabla ya kibendera, kulikuwa na mti

MSHIKA kibendera akinyanyua mkono tu, kibanda umiza kizima kinalipuka: "Ameotea huyo!" Nusu wanashangilia, nusu wanamsema refa vibaya. Ni hivyo Buigiri, ni hivyo Kariakoo, ni hivyo popote mpira unapotangazwa kwa Kiswahili.

Lakini neno lenyewe halikuzaliwa uwanjani. Kuotea ni kazi ya mwindaji: kujibanza mahali, kimya, kumsubiri mnyama apite kwenye njia yake. Porini ni ufundi. Mpira ulipolichukua neno hilo ukaligeuza kuwa kosa, na mastraika wetu wengi wamebaki na kosa bila ufundi.

Buigiri ni mahali pazuri pa kulielewa. Iko wilayani Chamwino, mashariki mwa jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro. Wengi wanaijua kwa shule yake ya msingi ya wasioona. Ni nchi ya Wagogo, nchi ya mtama, uwele na mibuyu, mvua yenyewe msimu mmoja tu kwa mwaka. Mashambani huko ndiko lilipo dungu, wengine wanaliita ulingo: nguzo nne, fito, nyasi juu, na mtu amekaa anawinga ndege. Ndiyo, ulingo huo huo ambao mabondia wamejitwalia. Michezo yetu imekopa sana shambani.

Dungu la kulinda mtama hukaa mahali peupe, maana ndege wanatakiwa wamwone mlinzi. La kuwindia kwa upinde ni kinyume chake kabisa.

Hapo cha kwanza si mti, ni upepo. Swala anaweza asikuone, lakini akishaipata harufu yako mechi imeisha. Kiangazi upepo wa Dodoma mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo anayeotea njia ya kwenda majini hukaa magharibi ya njia hiyo, upepo umpige usoni na harufu yake iende nyuma. Jioni jua nalo linakuwa mgongoni mwake, linampiga mnyama machoni. Upepo ukigeuka, anashuka na kurudi nyumbani. Hakuna VAR ya kumrudishia bao lake.

Ndipo unakuja mti. Mbuyu unavutia kwa ukubwa, ila kwa kazi hii ni mti mbaya: shina halikumbatiki, kiangazi unakuwa mtupu bila majani, na mashimo yake yanapendwa na nyuki. Mgunga una miiba. Mkwaju ni afadhali, una majani mengi na matawi yanayobeba mtu. Na kinachomficha mwindaji zaidi ni matawi ya nyuma yake, yanayovunja umbo la kichwa na mabega yasichoreke angani. Ya mbele mengi ni adui, kwani kijiti kimoja tu kinatosha kuupotosha mshale. Kwa hiyo njia ya mshale inafyekwa mapema, siku kadhaa kabla, wanyama wazoee na harufu ya mtu ipotee.

Marekani, ambako maelfu kwa maelfu huwinda hivi kila mwaka, dungu hufungwa mita tano au sita juu ya ardhi na mwindaji hujifunga mkanda kwenye shina, maana kuanguka mtini ndiyo ajali yao kubwa. Wanyama wanaowawinda kule, wale wenye pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka, kwetu hawapo. Huku ni swala, digidigi na tandala.

Baada ya hapo ni kusubiri, na mkono ndio mtihani. Kuvuta upinde ni kujitingisha, na mnyama huona kinachotingishika kabla ya kingine chochote. Mwindaji anangoja kichwa kipite nyuma ya shina au kigeuke upande, ndipo avute. Akivuta mapema, kaonekana. Akichelewa, swala kapita. Sekunde mbili hizo ndizo kazi yote ya straika.

Waulize Liverpool kuhusu Filippo Inzaghi. Huyu alinaswa na kibendera mechi baada ya mechi, mpaka ikawa utani. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2007 kule Athens, akasubiri Kaka aachie pasi, akachomoka mstari mmoja na mabeki, akamzunguka kipa na kufunga bao lake la pili. AC Milan 2, Liverpool 1. Hakuwa na kasi ya kutisha. Alikuwa na dungu lake.

Hata sheria imekuwa ikimsogelea mwoteaji. Hadi 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka huo wakapunguzwa kuwa wawili, na mabao ya daraja la kwanza Uingereza yakaruka kutoka 1,192 hadi 1,703 katika msimu uliofuata. Tangu 1990, aliye sambamba na beki hajaotea.

Porini mambo yamekwenda kinyume, sheria imembana. Wenye upinde ni wa kale mkoani humu: michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006, ina watu na wanyama waliochorwa zamani sana. Leo wanaouishi ufundi huo ni Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao mwishoni mwa kiangazi hujificha usiku karibu na maji, chini na si mtini, mishale ikiwa na sumu ya mimea. Kijana wa Buigiri akipanda mkwaju na upinde bila leseni, anakutana na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na mashtaka ya nyara za serikali yamewapeleka watu jela miaka 20. Kuotea kwa namna hiyo hakuishii kwenye mpira wa adhabu.

Linalobaki kwake ni dungu la shambani. Mtama ukianza kukomaa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na serikali hutuma ndege ya kunyunyizia dawa kule walikozidi. Kwingine kote ni kombeo, debe na sauti, kutoka alfajiri hadi jua kuzama. Kijana aliye juu ya dungu saa kumi jioni hawezi kuwa mazoezini saa kumi jioni, na kocha anayemkata jina kwa utoro anamkata mtu aliyekaa kutwa nzima akijifunza kusubiri. Ukishavunwa uwele, dungu linabaki tupu na uwanja unajaa.