Jinsi ya Kutambua Kifaru cha Vita

Tarehe 12 Februari 2009 meli iitwayo Faina ilitia nanga katika bandari ya Mombasa, baada ya kushikwa na maharamia katika pwani ya Somalia kwa muda wa zaidi ya miezi minne. Ndani ya meli hiyo mlikuwa na vifaru 33 vilivyotoka Ukraine. Magazeti ya dunia nzima yaliandika habari za vifaru hivyo, na mengi yalitosheka na neno hilo moja tu. Lakini watu wenye ujuzi wa mambo ya vita waliuliza jambo jingine: je, ni vifaru vya namna gani? Jibu lilikuwa T-72, kifaru kilichobuniwa na Warusi, na jibu hilo lilipata maana kubwa baadaye, kama msomaji atakavyoona.

Mtu asiyezoea hudhani kwamba vifaru vyote ni kitu kimoja, kama vile mgeni wa mjini adhanivyo kwamba ng'ombe wote katika boma wana sura moja. Mchungaji hadhani hivyo. Yeye humjua kila ng'ombe kwa pembe, kwa nundu na kwa mabaka, hata akimwona kwa mbali jioni. Ujuzi wa kutambua vifaru ni wa jinsi hiyo hiyo: hautaki elimu kubwa, wataka jicho lililozoea kutazama mambo machache kwa utaratibu.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni magurudumu. Kifaru hutembea juu ya minyororo miwili ya chuma, na ndani ya kila mnyororo mna safu ya magurudumu yanayobeba uzito wake. Magurudumu hayo hayawezi kubadilishwa idadi wala kusogezwa bila ya kuunda kifaru kipya, na kwa hiyo ndiyo ushahidi usiosema uongo. Vifaru vya Kirusi viitwavyo T-54 na T-55, vilivyotungwa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, vina magurudumu matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili pana nafasi kubwa iliyo wazi. Kifaru kilichokuja baada yao, T-62, nacho kina magurudumu matano, ila nafasi kubwa zimehamia nyuma. Mtu akikumbuka jambo hilo tu, yaani pengo la mbele au mapengo ya nyuma, amekwisha kutenganisha vifaru viwili vinavyowachanganya watu wengi.

T-72 kina magurudumu sita makubwa, yamepangwa karibu karibu kwa nafasi zilizo sawa, na juu yake mna vigurudumu vidogo vitatu vinavyoshikilia mnyororo usilegee. Ndugu yake T-64 pia kina sita, lakini ni membamba na madogo, na vile vya juu ni vinne. T-80 kina sita vilevile, ila hayakupangwa kwa nafasi sawa. Tena, moshi wa injini ya T-72 hutokea ubavuni upande wa kushoto karibu na nyuma, na wa T-80 hutokea nyuma kabisa. Basi hata kama kichwa cha kifaru kimefunikwa kwa matawi na nyavu, mtu aliye ubavuni aweza kutambua ni kipi.

Kutoka kwenye magurudumu, jicho hupanda juu. T-72 ni kifupi kwa kimo: kichwa chake kizungukacho chafanana na bakuli lililofudikizwa, na paa lake halizidi sana mita mbili na robo kutoka ardhini. Sababu yake ni kwamba ndani wamo watu watatu tu. Mtu wa nne, ambaye katika vifaru vingi vya Ulaya kazi yake ni kushindilia makombora mzingani, hayupo, maana kazi hiyo yafanywa na mtambo. Mtu akiondolewa, nafasi yake yaondolewa pia, na kifaru kikiwa kidogo ni vigumu kukilenga. Jeshi la Kenya, kwa upande wake, lilikuwa na vifaru vya Vickers vilivyotoka Uingereza, vyenye watu wanne na kichwa kirefu zaidi. Aliyeviona vifaru vya aina hizo mbili vikisimama pamoja hawezi kuvisahau.

Walakini kazi ngumu si kusema, "Hiki ni T-72." Kazi ngumu ni kusema ni T-72 cha mtindo gani, maana kifaru hicho kiliingia jeshini mwaka 1973 na kimerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo. Vile vya kwanza vilikuwa na taa kubwa ya kuonea usiku upande wa kushoto wa mzinga. Mwaka 1979 ukatokea mtindo wa T-72A, nao taa yake imehamia upande wa kulia, na mbele ya kichwa chake mna vibomba 12 vya kurushia moshi wa kujifichia: saba upande wa kushoto na vitano upande wa kulia. Mwaka 1985 ukaja mtindo wa T-72B, wenye chuma kinene zaidi usoni, na vile vibomba vya moshi vimesogezwa nyuma ubavuni mwa kichwa ili kupisha unene huo. Vyenye herufi M vilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na viwanda vya Poland na Chekoslovakia viliviunda kwa wingi.

Kuna mitindo mingine ambayo uso wake wote umepangwa visanduku vidogo, mfano wa matofali. Ndani ya kila kisanduku mna baruti. Kombora la adui likigonga hapo, baruti hiyo hulipuka kuelekea nje na kuharibu nguvu ya kombora kabla halijatoboa chuma. Dalili hii hupendwa sana na wanafunzi kwa sababu yaonekana upesi, na ndiyo inayowapoteza. Visanduku vyaweza kufungwa leo na kufunguliwa kesho. Mapazia ya ubavuni hung'oka kwa miti na mawe. Mafundi hupachika kifaa cha kifaru kimoja juu ya kingine. Mtambuzi mwenye akili huanza na mambo yaliyoundwa pamoja na mwili wa kifaru, kisha ndipo huyatazama yaliyofungwa kwa skrubu.

Tena yapasa kukumbuka kwamba majeshi hudanganyana. Mwaka 1942, kabla ya vita vya El Alamein huko Misri, Waingereza waliwafunika vifaru wao kwa fremu na turubai ili waonekane kama malori, na mahali pengine wakaweka vifaru vya bandia. Wajerumani walitazama wakaona malori.

Ujuzi huu wafaa nini kwa mtu asiye askari? Mfano mmoja ni wa mwezi Machi 2023, wakati wa vita vya Urusi na Ukraine. Picha zilienea za garimoshi lililokuwa likipakia vifaru kutoka mashariki ya mbali ya Urusi. Hapakuwa na tangazo lolote la serikali. Lakini watazamaji walihesabu magurudumu: matano, na pengo kati ya la kwanza na la pili. Basi wakajua kwamba Urusi ilikuwa ikitoa ghalani T-54 na T-55, vifaru vya umri wa babu. Kwa kuhesabu magurudumu tu, dunia ilipata habari juu ya upungufu wa vifaru vipya ambayo hakuna mkubwa yeyote aliyetaka kuitangaza.

Katika vita hivyo hivyo lilionekana jambo jingine, kwamba umbo la kifaru halimtaji mwenyewe. Pande zote mbili zilikuwa na T-72, maana zote zilirithi silaha za Urusi ya Kisovieti. Kwa hiyo, tangu Februari 2022, Warusi walipaka herufi kubwa kama Z na V kwenye magari yao, na Waukraine wakapaka misalaba meupe. Rangi ya kopo moja ilifanya kazi ambayo chuma cha tani arobaini na zaidi hakikuweza kuifanya.

Mfano mwingine ni wa ile shehena ya Faina. Serikali ya Kenya ilisema kwamba vifaru vile vilikuwa vyake. Mwezi Julai 2009 wachunguzi wa shirika la Jane's la London walitoa picha zilizopigwa na setilaiti, zikionyesha vifaru karibu na Juba, katika Sudan Kusini, nchi ambayo wakati huo ilikuwa haijapata uhuru wake. Mtu atazamaye kutoka juu hawezi kuhesabu magurudumu. Hupima urefu wa mwili, huangalia mahali kilipo kichwa, na mzinga umetokeza mbele kwa kadiri gani. T-72 pamoja na mzinga wake hupata mita tisa na nusu hivi. Kama hakuna anayejua kukitofautisha kifaru na kifaru, picha kama hizo zingekuwa madoa tu juu ya mchanga.

Lakini kutazama kutoka juu kuna hatari yake, hasa kwa rubani aendaye kasi. Tarehe 26 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, ndege za Marekani ziliyashambulia magari mawili ya deraya yaitwayo Warrior, zikidhani ni ya Iraki. Yalikuwa ya Waingereza, rafiki zao. Askari tisa walikufa. Warrior ni gari la kuchukulia askari, lina magurudumu sita ndani ya mnyororo, na mzinga wake mwembamba haufanani hata kidogo na mzinga wa kifaru. Lakini kwa rubani gari lile lilikuwa kama siafu, na vumbi la jangwani lilikuwa limekwisha kulibadili rangi.

Kwa hiyo majeshi ya washirika yalizoea kutandaza vitambaa vya rangi ya machungwa juu ya magari yao, ili marubani wayajue. Tarehe 28 Machi 2003, kusini mwa Iraki, marubani wawili wa Marekani waliviona vitambaa hivyo juu ya magari madogo ya deraya ya Waingereza. Waliisema rangi yake katika redio, wakaijadili, na mwishowe wakaamua kwamba ni roketi zilizopakwa rangi ya machungwa. Walipiga mara mbili kabla ya kuambiwa kwamba waliopo chini ni rafiki. Askari mmoja wa Kiingereza alikufa, na wengine wakajeruhiwa. Maneno ya marubani yalikuwa yamenaswa na mashine ndani ya ndege, na mwezi Machi 2007 hakimu wa uchunguzi wa vifo huko Oxford aliamua kwamba askari yule aliuawa kinyume cha sheria.