Je, Wajua? Mji Usio na Honi
Mgeni anayefika Venice, Italia, kwa mara ya kwanza hushangazwa na kutosikia honi. Magari huishia Piazzale Roma, mlangoni mwa mji wa kale. Kuanzia hapo basi ni boti, teksi ni boti, hata mgonjwa hukimbizwa hospitali kwa boti. La ajabu zaidi liko chini: majumba ya mawe yamebebwa na magogo yaliyopigiliwa kwenye tope, ambamo hayaozi upesi kwa kukosa hewa. Kupotea ni rahisi mno, maana namba za nyumba hufuata mtaa mzima, si kila kichochoro. Tangu 2024, anayekuja kushinda tu bila kulala hutozwa kiingilio katika baadhi ya siku zenye watalii wengi.