Theluthi ya Tumbo na Sinia la Futari

Aliyepita chuoni anaijua hadithi ya theluthi tatu: sehemu ya tumbo iwe ya chakula, sehemu ya maji, sehemu ya pumzi. Aliyeisimulia ni al-Miqdam bin Ma'dikarib, nayo imo katika mkusanyiko wa Tirmidhi. Tunachosahau ni mwanzo wake. Mtume (S.A.W.) alitangulia kusema kuwa mwanadamu yamtosha matonge machache ya kuushika mgongo wake; theluthi zikaja baadaye, kwa ajili ya yule asiyeweza kujizuia. Theluthi basi ndiyo ukomo wenyewe, na Ramadhani ikiingia tunauvuka.

Itazame futari ya pwani: muhogo wa nazi, tambi za sukari, mbaazi, sambusa, kaimati zenye shira, na jagi la juisi ya ukwaju. Vyote halali, vyote vitamu. Lakini vikibugiwa kwa dakika kumi, mwili haupati nafasi ya kusema basi. Ubongo hupata habari ya shibe kutokana na kutanuka kwa tumbo, na kutokana na homoni ambazo utumbo huzitoa chakula kinapoufikia. Kazi hiyo huchukua kama dakika 20. Mlaji wa haraka huwa amekwishapitiliza.

Ndiyo maana, kwa jicho la lishe, napenda sana utaratibu aliousimulia Anas bin Malik: Mtume akifuturu kwa tende mbivu kabla ya kuswali, akizikosa hula tende kavu, akizikosa hizo hunywa mafunda ya maji. Sukari ya tende huingia damuni upesi, na hadi Magharibi iishe kuswaliwa, njaa imepoa. Mtu hurudi mkekani akiweza kuchagua. Sisi twamaliza sinia kwanza, kisha twasujudu kwa taabu, na tarawehe inageuka mzigo.

Mwenye kisukari ajihadhari zaidi. Tende moja yatosha, shira aiache, na wanga achague mmoja: muhogo au tambi. Daku aicheleweshe, kama Sunna ilivyo, saa za njaa zipungue. Apime damu mchana bila hofu. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, tone la kidoleni halimfunguzi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, afungue papo hapo, hata kama adhana imekaribia. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa. Dozi za dawa azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.