Msumbiji: Korosho Ikiondoka na Ganda Lake, Kazi Huondoka Nayo

Mtu akivuka Mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, haoni tofauti kubwa ya mashamba. Mikorosho ya Mtwara na mikorosho ya Cabo Delgado ni mamoja. Mchanga ni uleule, jua ni lilelile, na Wamakonde wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile ni ndugu. Lakini wenzetu wa Msumbiji wamepitia katika zao hili mambo ambayo yampasa kila mfanyakazi wa kiwanda na wa shamba kuyajua. Ndiyo maana tumeamua kuyaeleza hapa.

Kwanza tulitazame zao lenyewe. Mkorosho si mti wa asili wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16. Ni mti unaopenda joto, unaovumilia ukame, na unaostawi hata kwenye mchanga ambao mahindi yangekauka. Huanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu, na ukitunzwa huendelea kuzaa kwa miaka mingi. Adui yake mkubwa ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na kuyakausha kabla hayajazaa. Mkulima hupambana nao kwa kupuliza salfa. Miezi ya mwisho wa mwaka mabibo huiva na kuanguka. Mkulima huyaokota, akanyofoa korosho, akazianika juani, kisha akajaza gunia.

Hapo kazi ya shamba imekwisha, lakini kazi ya kiwanda haijaanza. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta makali yanayounguza ngozi. Korosho lazima ichomwe au ipikwe kwa mvuke, ipasuliwe, ikaushwe, imenywe ganda jembamba la ndani, halafu ichambuliwe: nzima huku, vipande kule. Korosho nzima ina bei. Iliyovunjika hushuka thamani. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya korosho iliyobanguliwa. Basi thamani kubwa ya zao hili imo katika mikono ya mbanguaji, na mikono hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake.

Ndivyo ilivyokuwa Msumbiji tangu zamani. Wakati wa ukoloni, wanawake wengi waliacha vijiji vya kusini wakaenda kubangua korosho katika viwanda vya Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Wengi walikuwa wajane, au wake ambao waume zao walikwenda migodini Afrika Kusini wasirudi. Kazi ilikuwa ngumu na ujira mdogo, lakini kwa ujira huo walilea watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa korosho. Msimu mmoja pekee ulitoa zaidi ya tani 200,000.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1975, serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili viwanda vya nchini visikose mali. Lakini vita viliiumiza nchi mpaka mwaka 1992. Wakulima walikimbia mashamba, mikorosho ikazeeka bila kupandwa mipya, na mavuno yakaanguka vibaya. Katikati ya miaka ya 1990 viwanda vya serikali viliuzwa kwa watu binafsi.

Ndipo Benki ya Dunia ilipotoa sharti lake. Ilisema kwamba viwanda vinalindwa mno na kwamba ulinzi huo unamnyima mkulima bei nzuri. Kama Msumbiji inataka mikopo, ifungue mlango wa korosho ghafi. Kodi ya kuzisafirisha nje ikashushwa hadi asilimia 14, na lengo likawa kuiondoa kabisa. Korosho zikaanza kupakiwa melini na maganda yake kwenda India, ambako hubanguliwa na wafanyakazi wengine, wengi wao wanawake wa Kollam katika jimbo la Kerala, nao pia kwa ujira mdogo.

Hatupendi kuficha upande wa pili. Ni kweli kwamba mkulima wa Msumbiji alikuwa akilipwa kidogo, na alikuwa na haki ya kudai zaidi. Swali ni hili: je, alipata? Mwaka 2002 wachumi watatu, Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch, walipiga hesabu. Waliona kwamba nyongeza kwa familia ya kawaida ya wakulima wa korosho haikuzidi dola 5 na senti 30 za Marekani kwa mwaka. Sehemu kubwa ya faida ilibaki kwa wafanyabiashara walio kati ya shamba na meli.

Na mfanyakazi je? Viwanda vilikuwa na wafanyakazi wapatao 10,000. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya 8,000 walikuwa wameachishwa kazi. Mashine zilishika kutu. Mkulima hakutajirika, na mbanguaji alikosa chakula.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Chama chao, SINTIC, kilipaza sauti magazetini na bungeni, tena safari hii kilisimama upande mmoja na wenye viwanda. Mwaka 1999 Bunge lilipandisha kodi ya korosho ghafi kuwa kati ya asilimia 18 na 22. Kwa viwanda vingi vikubwa dawa ilifika mgonjwa akiwa mahututi. Lakini kodi hiyo haikupotea bure. Sehemu ya fedha zake ilitumika kukuza miche mipya na kupuliza dawa mashambani. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilizaliwa viwanda vidogo, hasa katika jimbo la Nampula, vinavyotumia mvuke na mashine nyepesi za kuendeshwa kwa mkono na mguu. Maelfu ya watu walipata kazi tena, jirani kabisa na mikorosho.

Hata hivyo kazi kurudi si mwisho wa madai. Mbanguaji hulipwa mara nyingi kwa kilo. Akivunja, anapunguziwa. Mafuta ya ganda bado yanaunguza vidole, na mchana kutwa mgongo umeinama. Glovu, mizani ya haki na ujira unaotosha si zawadi ya mwenye kiwanda. Ni haki ya mfanyakazi.

Ndugu wafanyakazi, wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nasi Tanzania tulijengewa viwanda vya korosho katika miaka ya 1970 na 1980, tena kwa mikopo. Vingi vilisimama, vingine vikageuka maghala. Hadi miaka hii ya karibuni sehemu kubwa ya korosho zetu imeondoka Mtwara ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam.

Tunajifunza nini basi kwa jirani? Tunajifunza kuwa na tahadhari tukiambiwa kwamba mkulima atanufaika mfanyakazi akikosa kazi. Msumbiji walijaribu, na wote wawili wakaumia. Palipopatikana nafuu, ni pale fedha ya korosho iliporudi shambani kuwa mche na dawa, na korosho yenyewe ikabaki nchini kubanguliwa. Mwenye jembe na mwenye kisu cha kubangulia wanakula kutoka mti mmoja. Wakidai pamoja, bei shambani na ujira kiwandani, itakuwa vigumu kwa mtu wa kati kuwagonganisha.