Resori ya kisu ikikatika, usiikimbize kwa soudeur

Sauti yenyewe ni ndogo: tak! Halafu lame inaanza kuning'inia kama mlango wenye bawaba moja. Tulikuwa tunakata kamba ya bâche tu, hata nguvu hatukutia. Kisu chetu cha kukunja, Okapi ya siku nyingi, ile yenye mpini wa mti na nyota na miezi midogo ya kung'aa, kilikuwa kimekatika resori.

Mutu wa mjini anaweza kucheka: kisu ni kisu, nunua kingine. Lakini nyie mulio ku carré, Mongbwalu, Nizi, Kobu ao njia ya Mambasa, munajua kisu hicho kinafanya kazi ngapi kwa siku moja. Kinakata tiyo ya motopompe, kinafungua mfuko, kinachuna waya, kinachonga kabari ya miti inayoshikilia ukuta wa shimo, na saa sita kinamenya muhogo. Tena mkono unaokishika ndio ule ule unaoshika pelle.

Kijana mmoja wa jamaa yetu alibaki na kisu chenye resori iliyokatika kwa wiki nzima, juu kilikuwa kingali kikali. Siku moja akakisukuma ndani ya mfuko mgumu, ncha ikakwama, lame ikajikunja na kumfungia vidole viwili. Vidole vilibaki, lakini kimoja mpaka leo hakikunjiki. Alikaa miezi mitatu bila kushuka shimoni, na nyumbani kuna watoto wanne.

Kwa hiyo kabla ya habari ya fundi, tuseme hili. Resori ikikatikia ku chantier, usiendelee kufunga na kufungua kisu. Kifungue mpaka mwisho, weka kijiti kigumu mgongoni, nusu ku mpini, nusu ku lame, kisha zungusha chambre à air ya baiskeli juu yake, uikaze sana. Hapo kinakuwa kisu kisichokunjwa mpaka utakapofika mjini. Makali uyavike kipande cha bidon kilichokunjwa mara mbili. Kata nacho vitu vyepesi kwa kuvuta. Kuchoma na ncha, hapana. Na kama kimekwisha kukukata, maji ya shimo si maji ya kuoshea kidonda. Tafuta maji safi mengi na sabuni, bana na kitambaa safi, na ukifika centre de santé uliza habari ya sindano ya tetanosi hata kama kidonda ni kidogo.

Sisi wenyewe tulianza na kosa. Tulipeleka kisu kwa soudeur wa karibu, juu soudeur anaunganisha kila kitu: chassis ya moto, kitanda, mlango. Akatia tone moja, akasaga, ikapendeza. Siku ya pili resori ikakatika tena, si pale palipounganishwa, pembeni yake kidogo. Tukamlaumu bure. Resori si chuma cha kawaida. Ni chuma kilichopashwa moto, kikazimwa ndani ya mafuta, kisha kikalegezwa kwa moto mdogo, ndiyo maana kinapinda na kurudi. Umeme wa soudure unapiga mahali padogo na moto mkali sana. Sehemu moja inakuwa ngumu kama kioo, sehemu ya jirani inalegea kama waya wa kufungia. Hata soudeur hodari hawezi kuondoa hilo kwa tone moja. Resori iliyokatika haiunganishwi, inatengenezwa ingine.

Ndiyo tukafika Ngezi, hapa Bunia, kwa papa mmoja anayefua na kunoa. Kiwanda chake ni kidogo: makala, mvukuto, kipande kizito cha chuma cha kugongea, étau iliyochakaa, na msumari mrefu ukutani unaoning'iniza misumeno ya kale.

— Jambo papa. Tumeleta kisu, resori yake ilikufa.

— Jambo sana. Nani aliichoma namna hii?

Hatukujibu haraka.

Alianza kwa kusaga vichwa vya riveti na tupa, polepole, halafu akazitoa kwa kuzigonga na msumari uliokatwa ncha. Vipande vyote viwili vya resori akavipanga juu ya ubao kama vilivyokuwa mwanzo. Hapo ndipo tulielewa kwa nini mutu asitupe kile kipande kilichovunjika: ndicho kipimo. Urefu, unene, tundu la riveti, na tundu la mbele ambamo jino la lame linaingia, vyote vinasomwa pale. Ku Okapi resori iko nje, mgongoni, na pete ndogo inaivuta juu ili jino litoke na kisu kifungike. Chuma ni chembamba pembeni ya tundu lile, na letu lilikatika hapo hapo.

Chuma kipya alikitoa ku msumeno wa zamani wa mbao. Msumeno mzuri tayari ni chuma cha resori, na unene wake unakaribia unaotakiwa. Resori ya gari nayo ni chuma kizuri, lakini ni nene, utasaga mpaka jioni. Msumeno wa kukatia chuma unadanganya wengi: kuna ule ambao ni mgumu wote, ukiupinda kidogo unapasuka, na vipande vinaruka usoni. Utepe wa chuma wa kufungia mizigo, papa aliukataa hata kuushika.

Ili kutoboa, alipasha kile kipande mpaka kikawa chekundu, akakizika ndani ya majivu kipoe chenyewe. Ukifanya hivyo chuma kinalainika na foreti inaingia. Akachonga umbo, akatoboa, akalainisha kila ukingo na tupa ndogo. Hapa alikawia sana, na sisi haraka ilitushika. Akatuonyesha mkwaruzo mmoja, mdogo kama unywele: resori inaanzia kukatikia ku mkwaruzo kama ule.

Tulipokuwa tunangoja tulizungumza juu ya jina. Hapa kwetu ukisema Okapi, mutu anafikiri redio, ao mnyama wa Epulu mwenye milia ku miguu. Mnyama huyo ni wa msitu huu wetu wa Ituri. Wenyeji walimjua tangu zamani, wataalamu wa Ulaya walimwandika mwaka wa 1901. Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani wakaanza kutengeneza kisu hiki ili wakiuze katika makoloni yao ya Afrika, nacho kinaitwa kwa jina la mnyama huyo. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Jina limetoka kwetu, kisu kinakuja kwetu kwa biashara, na kikivunjika kinarudi kupona mu Ngezi.

Kisha ikaja sehemu ambayo mafundi wengi wanaiharibu. Papa alingoja jua lishuke, kwa sababu mchana mweupe rangi ya moto inadanganya jicho. Akapasha resori mpya yote kwa usawa, mara kwa mara akiigusisha na sumaku iliyotolewa ku baffle ya redio mbovu. Chuma chenye moto wa kutosha kinaacha kushikwa na sumaku. Iliposhindwa kushika, akaongeza moto kidogo tu, akaitumbukiza ndani ya mafuta ya mawese yaliyopashwa. Maji hapana, yanaweza kukipasua chuma chembamba hivi. Ikatoka nyeusi na ngumu, na kama ingeanguka juu ya sementi pengine ingevunjika.

Akaisugua mpaka ikang'aa, akaiweka juu ya bati nene lililo juu ya makala. Tulikodoa macho. Rangi inakuja yenyewe: njano, kahawia, zambarau, mwisho buluu. Kwa kisu cha kukata, fundi anaacha ku njano. Kwa resori anangoja buluu, moto wa karibu nyuzi 300, na buluu ikienea kote anaitoa mara moja. Ukikawia, buluu inafifia kuwa kijivu, resori inakuwa laini na inabaki imepinda. Papa aliikaza ndani ya étau, akavaa lunettes, akaipinda kidogo na pinsi. Ikarudi. Akaipinda zaidi. Ikarudi tena.

Kufunga riveti kulikuwa kwepesi: msumari uliokatwa, tone la mafuta, na kipande cha karatasi kati ya lame na mpini wakati wa kugonga, halafu karatasi inavutwa ili lame isibanwe.

Papa hakutuuliza kwa nini resori ilikatika, alituambia. Ndani ya tundu kulikuwa na kutu na mchanga mwekundu. Mchanga ukijaa pale, jino haliingii vizuri, mutu analazimisha. Tena upande mmoja wa lame ulikuwa na alama ya moto, na hapo tulikumbuka. Ku chantier tunapasha kisu ili kutoboa tiyo na bidon. Moto ule unalegeza makali, na ukipita shingo ya lame unafika mpaka ku resori. Msumari mrefu wenye mpini wa mti unafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa kisu chenyewe, jioni kisuuze na maji safi, kikaushe, tia tone la mafuta ya motere ku resori na ku riveti ya lame. Na kama kimegusa zebaki, kisirudi ku muhogo wala ku embe, hata kikioshwa.

Si kila kisu kinastahili kazi hii. Vile vya bei ndogo vyenye mpini wa plastiki usio na riveti, havifunguki bila kuvunjika. Resori ikikatika, vimekwisha. Kuna mwingine atapenda Opinel ya Wafaransa, ambayo haina resori mgongoni: lame inabanwa na mti, na tangu 1955 ina pete ya chuma ya kuifunga ikiwa wazi. Ni kisu chepesi na kizuri, ila mti wake ukinywa maji unavimba na lame inakataa kutoka. Mutu anayeshinda ndani ya maji ajue hilo.

Papa hakutupa kisu mpaka tulipokifungua na kukifunga mara ishirini mbele yake. Kra-kra-kra, jino linaingia, pete inavutwa, kinafunga. Akasukuma mgongo wa lame juu ya ubao kwa nguvu zake zote, haikulegea. Vipande vya resori ya zamani akaviomba abaki navyo, viwe kipimo siku mutu mwingine ataleta Okapi. Akavifunga na waya, akavitundika ku ule msumari wa misumeno.