Neno "petroli" linapovuka Kobero

Lori la mafuta kutoka Dar es Salaam likiingia Burundi kwa mpaka wa Kobero, hupita Muyinga likielekea Gitega. Mzigo ni uleule, ila majina hubadilika. Mtanzania akisema petroli, anataka mafuta ya gari. Mrundi huyaita esansi, kwa kufuata Kifaransa, na petroli kwake ni mafuta ya taa. Kutoelewana huko kunaweza kuteketeza nyumba, kwani esansi ikitiwa kwenye koroboi hulipuka.

Inakuwaje, ilhali vimiminika hivi ni ndugu? Sehemu kubwa ya vyote viwili ni alkani, ukoo unaoanzia kwa methani, yenye kaboni moja na haidrojeni nne. Ongeza kaboni moja na haidrojeni mbili, umepata ethani. Ongeza tena hivyo hivyo, propani, kisha butani, pentani na kuendelea. Ukoo wa namna hii huitwa mfululizo homologia, wazo ambalo mwanakemia Mfaransa Charles Gerhardt alilitoa mwaka 1843.

Ndugu hawa wana tabia moja: huungua, hukataa kuchanganyika na maji, wala asidi haiwasumbui kwa urahisi. Kinachowatenga ni urefu. Mnyororo wa kaboni ukirefuka, molekuli hushikana kwa nguvu zaidi, na joto la kuchemka hupanda ngazi kwa ngazi: propani nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri, pentani 36, heksani 69, heptani 98. Ukivuka kaboni 20 hivi, unakutana na nta ya mshumaa.

Sasa rudi kwenye koroboi. Molekuli za esansi zina kaboni 5 hadi 12 hivi. Za mafuta ya taa, takriban 10 hadi 16. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapashwe kufikia nyuzi 38 au zaidi, na Gitega, mji wa milimani, haina joto hilo. Hungoja utambi uyapandishe. Esansi haingoji: mvuke wake hushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo chombo kimeshajaa hatari kabla kiberiti hakijawashwa.

Tena haihitajiki esansi tupu. Mabaki yake ndani ya bidoni, asilimia chache tu, yakichanganyika na mafuta ya taa yanatosha kushusha kiwango chake cha nyuzi 38 chini ya joto la chumbani.